Kliniki inataka nisafishe meno kila miezi mitatu. Je, ni lazima?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Moshono hapa Arusha, lakini nimezaliwa na kukulia Maji ya Chai, na mtu yeyote anayepajua kwetu hahitaji kuelezwa meno yangu yana rangi gani. Tangu nikiwa shule ya msingi nimezoea kuziba mdomo kwa kiganja ninapocheka. Mwaka huu nimepata kazi ya mapokezi katika hoteli, ambako kutwa nzima ninatakiwa kutabasamu mbele ya wageni, ndipo nikaona nitafute msaada.

Nilikwenda kliniki moja ya binafsi hapa mjini kusafishwa meno kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikitumaini kwamba nitatoka na meno meupe. Nilikaa kwenye kiti karibu saa nzima, damu ikatoka nyingi, na nyuma ya meno ya mbele ya chini vikatolewa vipande vigumu kama changarawe. Nilipopewa kioo, rangi ilikuwa ileile ya kahawia. Isitoshe, nikaona nafasi kati ya meno ambazo sikuwahi kuziona, na kwa siku kadhaa maji ya baridi yalikuwa yakinichoma hadi kwenye mishipa. Kabla sijaondoka nikaambiwa nirudi kila baada ya miezi mitatu, kwa bei ileile, maisha yangu yote. Hakuna aliyenipima fizi wala kunieleza kwa nini iwe miezi mitatu. Mwenzangu kazini ameambiwa na tabibu mwingine kwamba mara moja kwa mwaka inatosha, na mwingine hajawahi kusafisha kabisa na anasema yuko salama.

Fizi zangu hutoka damu ninapopiga mswaki, kwa hiyo kwa muda mrefu nimekuwa nikizikwepa sehemu zinazotoa damu. Mswaki napiga asubuhi kabla ya chai. Jirani amenishauri nisugue kwa mkaa uliosagwa pamoja na limau, na nimeshajaribu mara chache.

Mama mkwe wangu, ambaye yuko Kibosho na ana kisukari, anasema kusafisha meno kunayalegeza, kwa sababu jirani yake alisafishwa na muda si mrefu meno yakaanza kucheza. Yeye mwenyewe ana meno mawili yanayocheza na amekataa katakata kwenda hospitali.

Wanangu, mmoja ana miaka 6 na mwingine mwaka mmoja na nusu. Baba yao hataki watumie dawa ya meno yenye floridi, kwa kuwa floridi ndiyo iliyoharibu meno yangu. Sijui nimjibu nini. Naomba uniongoze, Shangazi.

Mama Wawili, Moshono

Jibu la Shangazi

Marahaba, mwanangu. Pole kwa maumivu na kwa gharama, na pole zaidi kwa kuondoka kwenye kile kiti bila kuelezwa jambo lolote, kwa sababu maelezo ni sehemu ya tiba na ulikuwa umeyalipia.

Nianze na miezi mitatu. Hakuna idadi ya miezi iliyo sahihi kwa kila kinywa. Wapo watu ambao kweli wanahitaji kusafishwa kila baada ya miezi mitatu au minne, wapo wanaotosheka na mara moja kwa mwaka, na wapo ambao fizi zao ni nzima na usafi wao wa nyumbani ni mzuri kiasi kwamba wakichunguzwa hukutwa hawana cha kusafishwa. Kinachoamua ni hali ya fizi na ya mfupa unaoshika meno, na hali hiyo hupimwa, haikisiwi. Aliyekupangia miezi mitatu ya maisha yako yote bila kukupima amekupa ratiba isiyo na sababu, ingawa, kama nitakavyoeleza, safari yako ya kwanza ya kurudi huenda ikafaa kuwa baada ya muda huohuo.

Ukijua kinachosafishwa ni nini, utaweza kuamua mengi mwenyewe. Ukoga ni ule utando laini unaoweza kuukwangua kwa ukucha asubuhi. Umejaa bakteria, na huanza kujengeka upya saa chache baada ya kupiga mswaki, lakini mswaki huuondoa vizuri. Ukiachwa mahali pamoja kwa siku kadhaa, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ukawa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki hata usugue kwa nguvu zako zote. Vile vipande ulivyotolewa vilikuwa nyuma ya meno ya mbele ya chini kwa sababu matundu ya tezi za mate yako pale pale chini ya ulimi, kwa hiyo meno hayo huloweshwa mate yenye madini kutwa kucha. Mahali pengine unapopenda kujengeka ni upande wa shavu wa magego ya juu, ambako pia kuna tundu la mate. Chukua kioo kidogo na tochi ya simu, uinue ulimi na uangalie nyuma ya meno ya chini: ukiona ukingo wa manjano au wa kahawia umeng'ang'ania pale jino linapokutana na ufizi, na ukiupitisha ulimi unakwaruza, huo ni ugaga, na muda wa kwenda kuuondoa umefika bila kujali kalenda inasema nini.

Ugaga wenyewe hauumi, na hilo ndilo linalowafanya watu wengi kama mwenzako wa kazini waamini kuwa wako salama. Tatizo ni kwamba uso wake ni wa kukwaruza, ukoga mpya hushika juu yake kwa urahisi, na fizi zinazougusa huvimba, huwa nyekundu na hutoka damu. Hatua hiyo ya kwanza hupona kabisa ukoga na ugaga vikiondolewa. Ikipuuzwa kwa miaka, kwa baadhi ya watu uvimbe hushuka chini ya ufizi, ufizi huachana na jino na kufanya mfuko, na mfupa unaoshika jino huanza kuliwa. Mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe. Matibabu huzuia usiendelee kupotea, na hapo ndipo usafi wa kila miezi mitatu au minne unapokuwa na haki yake, kwa sababu mifuko hiyo mswaki hauifikii.

Kwa watu wasio na ugonjwa huo mkubwa, ushahidi wa kitafiti ni tofauti na tunavyoambiwa mara nyingi. Mwaka 2018 taasisi ya Cochrane, inayochambua tafiti za tiba, ilitoa mapitio ya majaribio mawili yaliyohusisha watu wazima 1,711 ambao walikuwa wakihudhuria kliniki za meno kwa kawaida na hawakuwa na ugonjwa mkubwa wa fizi. Waliosafishwa kila miezi sita, waliosafishwa kila mwaka na wale ambao hawakupangiwa usafi wowote walifuatiliwa kwa miaka miwili hadi mitatu, na tofauti ya afya ya fizi zao ilikuwa ndogo mno au haikuwepo. Nchini Uingereza, mwongozo wa taasisi ya NICE wa mwaka 2004 uliachana na kanuni ya miezi sita kwa kila mtu, ukaelekeza kwamba mtu mzima apangiwe uchunguzi kati ya miezi 3 na miezi 24 kulingana na hatari aliyonayo.

Sitaki, hata hivyo, mtu asome maneno hayo akaona hana haja ya kwenda kabisa. Watu waliochunguzwa kule walikuwa wanaonwa na daktari mara kwa mara, na kama tatizo lingeanza lingeonekana mapema. Huku kwetu wengi huiona kliniki ya meno kwa mara ya kwanza siku jino linapotakiwa kung'olewa. Mtu aliyekaa na ugaga tangu utoto hayuko kwenye kundi lile, na matokeo ya kule hayamhusu mpaka kwanza asafishwe vizuri, apimwe, na afikie mahali walipoanzia wale.

Hapo ndipo ulipo wewe. Umeshasafishwa mara moja, na hilo lilikuwa la lazima. Sasa rudi baada ya takriban miezi mitatu, hapo au kwingine, lakini rudi kupimwa kwanza, kisha ndipo iamuliwe kama kuna cha kusafisha. Kipimo chenyewe ni rahisi: daktari hupitisha kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita kati ya jino na ufizi, akizunguka jino kwa jino, huku mwenzake akiandika namba anazozitaja. Milimita 1 hadi 3 ni hali njema. Kuanzia 4 kwenda juu, hasa panapotoka damu, ni dalili kwamba kuna mfuko wa kushughulikiwa, na namba zikiwa kubwa daktari ataomba picha ya eksirei aone mfupa umebaki kiasi gani. Omba uonyeshwe namba zako. Zikiwa nzuri na damu imepungua, sogeza hadi miezi sita, na ukiendelea hivyo nenda mwaka. Zikiwa mbaya, kubali miezi mitatu au minne, kwa maana sasa unajua unalipia nini.

Kuna hali ambazo hufupisha muda huo hata kwa mtu anayejitahidi: kisukari kisichodhibitiwa, uvutaji wa sigara, ujauzito, meno yaliyopandana, na dawa zinazokausha mate. Kwa wavutaji kuna hatari ya ziada, kwa sababu sigara hupunguza kutoka damu kwenye fizi, mtu akadhani fizi zake ni nzima wakati mfupa unaendelea kuliwa. Nimelitaja hili kwa ajili ya wasomaji wengine.

Zile nafasi ulizoziona kati ya meno hazikutengenezwa na mashine. Zilikuwepo, zikiwa zimejazwa na ugaga na kufunikwa na fizi zilizovimba. Ugaga umetoka, uvimbe umeshuka, na sasa unaona umbo halisi. Maji ya baridi yanachoma kwa sababu sehemu ya mzizi iliyokuwa imefunikwa imebaki wazi. Mara nyingi hali hiyo hutulia ndani ya siku chache hadi wiki kadhaa, na dawa ya meno iliyotengenezwa kwa ajili ya meno yenye ganzi husaidia ukiitumia kila siku bila kuruka. Ikizidi mwezi, au jino moja likiuma peke yake, mwone daktari, kwa kuwa huenda kuna jino lililotoboka.

Kuhusu rangi, nitasema wazi ingawa najua si ulilotaka kusikia. Kahawia yako haiko juu ya jino, iko ndani yake. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru hubeba madini mengi ya floridi, na maeneo ya Maji ya Chai, Usa River na sehemu nyingi za Arumeru yamejulikana kwa hilo kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita ya maji ya kunywa. Viwango vya nchi yetu kwa muda mrefu viliruhusu hadi miligramu 8, na baadaye 4, kwa sababu maji mengi ya ukanda huu yasingepita kipimo, kabla havijashushwa. Mtoto anayekunywa maji yenye floridi nyingi wakati meno yake ya ukubwani yanatengenezwa ndani ya taya huota meno ambayo gamba lake la nje lina matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, na matundu hayo hunyonya rangi. Kusafisha meno huondoa ugaga na madoa ya juu, ya chai, kahawa au sigara. Hakuwezi kuondoa kilicho ndani, na kliniki ilipaswa kukuambia hivyo kabla hujalipa.

Kwa sababu hiyohiyo nakuomba uache mkaa na limau leo. Asidi ya limau hulainisha gamba la jino, mkaa ukalisugua likiwa limelainika, na gamba la meno yenye floridi nyingi tayari ni dhaifu kuliko la wengine. Utapoteza gamba na kahawia itabaki. Tiba zipo na hutegemea uzito wa tatizo: madoa mepesi yanaweza kupunguzwa kwa kung'arishwa na daktari au kwa kuondolewa tabaka jembamba sana la juu, yaliyokolea hufunikwa kwa ujazo wa rangi ya jino upande wa mbele, na meno yaliyomegeka huvishwa kofia. Kila njia ina gharama yake na uangalizi wake, na hakuna inayofaa kuanza fizi zikiwa bado zinatoka damu. Kwa hiyo fizi kwanza, rangi baadaye. Ukifika wakati huo, hospitali za rufaa za mkoa, Mount Meru kwa Arusha na Mawenzi kwa Moshi, zina huduma ya kinywa na meno, na hospitali ya KCMC ya Moshi pia ipo. Uliza pale mapokezi bima yako inalipia nini, kwani mara nyingi kinachohesabiwa kuwa ni urembo huachiwa mgonjwa. Naongeza jambo moja ambalo si la kitabibu: watu wa ukanda wetu wenye meno kama yako ni wengi mno, nawe hukuyapata kwa uchafu wala kwa uzembe. Usikubali mtu akuambie hivyo.

Sasa nyumbani, ambako ndiko afya ya fizi zako itakakoamuliwa, kwa kuwa kati ya usafi mmoja wa kliniki na mwingine kuna mamia ya nafasi za kupiga mswaki. La kwanza, usikwepe sehemu zinazotoa damu. Fizi hutoka damu kwa sababu kuna ukoga umeziudhi. Ukizikwepa ukoga unaongezeka, na damu nayo. Piga mswaki hapohapo kwa upole, ukitumia mswaki laini, ukiwa umeulaza kidogo ili nywele zake zielekee pale jino linapoingia kwenye ufizi, na uusogeze kwa miendo mifupi mifupi. Damu itaendelea siku za mwanzo, na kwa kawaida hupungua sana ndani ya wiki moja au mbili. Isipopungua, hiyo ni sababu ya kurudi kliniki kabla ya miezi mitatu.

Mswaki wa asubuhi peke yake hautoshi. Ulio muhimu kuliko wote ni wa usiku, baada ya kula na kunywa kila kitu, kwa sababu ukilala mate hupungua, na mate ndiyo yanayosafisha kinywa na kupunguza makali ya asidi. Tumia dakika mbili, na uanzie upande wa ndani wa meno ya chini, kwa sababu watu wengi huanza na meno ya mbele yanayoonekana na wanapofika ndani wameshachoka. Dawa ya meno iwe na floridi, kati ya 1,000 na 1,500 ppm, kiwango ambacho huandikwa kwenye boksi. Ukimaliza, tema povu wala usisukutue kwa maji mengi, ili floridi ibaki juu ya meno. Mswaki ubadilishe kila baada ya miezi mitatu au minne, au mapema nywele zikishatawanyika. Anayetumia mswaki wa mti, kama wanavyofanya wenzetu wengi wa Kimasai, anaweza kusafisha vizuri ilimradi autafune hadi ulainike na asisahau upande wa ndani. Dawa ya meno anaweza kuipaka kwa kidole baadaye.

Kati ya meno mswaki haupiti. Uzi wa meno, au brashi ndogo za kati ya meno kama nafasi zako ni pana, mara moja kwa siku, utakusaidia kuliko dawa yoyote ya kusukutua. Vijiti vya kiberiti ambavyo watu huchokolea baada ya nyama choma viache, vinatoboa fizi na kuacha vibanzi ndani yake. Na chai ya sukari haina ubaya ikinywewa pamoja na chakula. Inayoleta madhara ni ile inayokaa kwenye kikombe pale mapokezi ukaionja asubuhi nzima, kwa sababu kila mara unapoionja bakteria hupata sukari ya kutengenezea asidi inayotoboa meno.

Baba watoto ana hoja, na umjibu kwa heshima. Floridi inayotia meno rangi ni ile inayomezwa mtoto akiwa mdogo, takriban tangu kuzaliwa hadi miaka 8, wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya. Ile inayogusa jino lililokwisha kuota hulilinda lisitoboke. Kwako wewe na kwake yeye, dawa ya meno yenye floridi haiwezi kuongeza kahawia hata kidogo. Kwa watoto, linaloangaliwa ni kiasi kinachomezwa. Huyo wa miaka 6 apewe kiasi cha punje moja ya njegere, asimamiwe na mtu mzima, na ateme. Mchunguze pia nyuma kabisa ya meno yake ya utoto: katika umri huo gego la kwanza la ukubwani huota bila jino lolote kung'oka, wazazi wakadhani ni la utoto, na likitoboka hakuna lingine litakaloota mahali pake. Mdogo apakwe kiasi kisichozidi punje ya mchele. Kama maji ya nyumbani kwenu yatapimwa na kukutwa na floridi nyingi, muulize daktari wa meno kama ni vyema asubiri hadi ajue kutema.

Hata hivyo, kama mnaogopa floridi, angalieni jikoni kabla ya kuangalia boksi la dawa ya meno. Kuchemsha maji kunaua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi yote hubaki kwenye kilichosalia. Uliza AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, maji ya mtaa wenu yanatoka chanzo kipi na yana kiwango gani. Kama mnatumia kisima, kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na ni mahali pazuri pa kuulizia vichujio vya nyumbani. Maji ya mvua yaliyovunwa kwa bati safi yana floridi kidogo sana, na mkiwa na tangi, hayo yatengwe kwa ajili ya kunywa na kupikia uji wa mtoto. Kama bado unamnyonyesha, endelea bila wasiwasi, kwa kuwa floridi haipiti kwa wingi kwenye maziwa ya mama hata kama mama amekunywa maji yenye floridi nyingi. Halafu kuna magadi. Yale yanayotoka Ziwa Natron na maeneo mengine ya Bonde la Ufa yanaweza kuwa na floridi nyingi mno, na makande au kiburu kilichowekwa magadi kinaweza kumwongezea mtoto kiasi kikubwa kuliko maji yenyewe. Maharage yalowekwe usiku kucha, yataiva bila magadi.

Namalizia na mama mkwe, ambaye ndiye anayenipa wasiwasi kuliko ninyi nyote. Aliyoyaona kwa jirani yake ni ya kweli, ila mpangilio wake ni mwingine: meno yale yalikuwa yameshapoteza mfupa, ugaga ukawa umeyaunganisha na kuyazuia yasicheze, na ulipoondolewa ulegevu uliokuwepo ukajitokeza. Usipoondolewa, mfupa huendelea kuliwa chini yake hadi jino lianguke pamoja na ugaga wake. Kisukari kisichodhibitiwa huongeza kasi ya ugonjwa wa fizi, na uvimbe wa fizi nao hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti, kwa hiyo kutibiwa kinywa ni sehemu ya kutibiwa kisukari chake. Mweleze hivyo kwa upole, au umwombe mume wako amweleze, maana neno la mwanawe huenda likapokelewa vizuri zaidi. Akikubali, Mawenzi na KCMC ziko karibu naye. Aende asubuhi, akiwa amekula na kumeza au kuchoma dawa zake kama kawaida, achukue kadi yake ya kliniki ya kisukari yenye vipimo vya karibuni, na amwambie daktari mapema kama anatumia dawa ya kufanya damu kuwa nyepesi. Asikubali meno yale mawili yang'olewe kabla hayajapigwa picha, kwani jino linalocheza kidogo mara nyingine hukaza tena fizi zikitibiwa. Aulize pia kama vyombo vimechemshwa kwenye mashine ya mvuke na vinafunguliwa mbele yake. Ni haki yake, na daktari makini hatachukia kuulizwa.